Jina Kwenye Kona ya Picha

Mwaka jana nilipiga picha ya Uluguru alfajiri, ukungu ukiwa umekaa kiunoni mwa mlima. Nikaandika jina langu kwenye kona ya chini, nikaiweka mtandaoni. Miezi miwili baadaye nikaikuta kwenye tangazo la nyumba ya wageni. Mlima ulikuwepo, ukungu ulikuwepo, ila kona haikuwepo. Mtu alipunguza picha kidogo tu kwa chini, na jina langu likaenda na kipande hicho. Sisi wa Morogoro labda tungekuwa tumezoea: maji ya Ruvu hutoka milimani kwetu, lakini yakishafika Dar es Salaam nani huuliza yametoka wapi?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inanipa haki hata nisipoandika jina. Jina ni ushahidi tu, na ushahidi wenyewe ndio uliokatwa.

Alama ya maji ya zamani haikukatika kirahisi hivyo. Mafundi wa karatasi wa Fabriano, Italia, katika karne ya 13, walishona waya wenye umbo fulani kwenye chekeche la kuchujia rojo. Pale penye waya karatasi ilitoka nyembamba, na umbo likaonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga, kama sura inayojitokeza ndani ya noti zetu. Alama ilikuwa mwilini mwa karatasi. Yetu ya simu imelazwa juu ya picha: ukiiweka pembeni inakatwa, ukiiweka katikati unaharibu picha yako mwenyewe.

Kwa hasira nikaanza kuchungulia kona za picha za wengine, hasa za kale za nchi hii. Ndipo nikakutana na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukitafuta picha za askari wa Lettow-Vorbeck, jeshi lililoiacha Morogoro mikononi mwa Waingereza tarehe 26 Agosti 1916 na kurudi nyuma kando ya Uluguru kuelekea Kisaki, huenda unatazama kazi yake.

Picha zake zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Desemba 2008 hifadhi hiyo ilianza kuweka makumi ya maelfu ya picha kwenye Wikimedia Commons, za Dobbertin zikiwemo. Ilijikinga kwa njia mbili. Picha zilikuwa ndogo, upande mrefu takriban pikseli 800, hazifai kwa bango. Halafu kila moja ilipewa ukanda mwembamba wenye jina la hifadhi, namba na jina la mpiga picha. Tumia bure, ila taja. Wengi walitumia bila kutaja, na mwaka 2010 hifadhi ilipoacha kuongeza picha, uvunjaji huo wa masharti ulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Nilitaka kuwahurumia Wajerumani wale, kwa kuwa tumeibiwa sawa. Lakini niliukodolea macho ukanda wa picha yenye namba 105-DOA3056. DOA ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la koloni. Juu ya ukanda, kombania nzima ya askari imejipanga, bunduki mkononi. Wote wanaitwa kwa neno moja la Kijerumani, Askarikompanie. Ukanda unamlinda aliyepiga picha na anayeitunza. Hausemi yule wa mbele ni nani, mtoto wa nani, alitoka mlima gani.

Nikairudia picha yangu. Chini ya ukungu, kwenye njia ya Morningside, kuna mama anashuka na tenga la ndizi kichwani, anawahi Soko la Chifu Kingalu. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, akacheka akakubali. Jina sikumwuliza.

Nyumba ya wageni haikumkata. Yuko katikati kabisa ya tangazo.