Ibada Katika Shamba la Mahindi

Mwaka 2005 Masista Waabuduo Damu ya Kristo, shirika la kitawa la Kikatoliki, walikubaliana juu ya kanuni ya ardhi: ardhi ni takatifu, nao ni watunzaji tu. Kanuni ilijaribiwa huko Lancaster, Pennsylvania, Marekani, bomba la gesi lilipopangwa kupita katika shamba lao. Walikataa kutia sahihi. Julai 2017 waliweka wakfu mahali pa ibada pa wazi kwenye njia ya bomba, kisha wakashtaki wakidai uhuru wa dini.

Mwaka 2018 mahakama ya rufani haikupima imani yao. Ilisema hoja hiyo ilipaswa kutolewa mapema, mbele ya tume ya serikali iliyotoa kibali. Masista hawakuwa wameitoa. Hapo ndipo sisi wachungaji, wepesi wa kuhubiri na wazito wa kuhudhuria vikao, tungepaswa kusoma polepole. Gesi ilianza kupita Oktoba mwaka huo. Februari 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi.