Kutoonekana: Kutoka Mahameli ya Hollywood Hadi Vilima vya Masisi

Mwaka 1933 mwongozaji James Whale alitoa filamu ya The Invisible Man, kutokana na riwaya ya H. G. Wells ya 1897. Fundi wa hila za picha, John P. Fulton, alitakiwa aonyeshe shati likitembea bila mtu ndani yake. Alimfunika mwigizaji kwa mahameli nyeusi toka utosini hadi unyayoni, akamvalisha nguo juu yake, akampiga picha mbele ya ukuta wa mahameli hiyohiyo. Mwili ukamezwa na weusi, nguo zikabaki. Baadaye picha hiyo iliunganishwa maabara na picha ya chumba. Claude Rains, aliyebeba filamu nzima kwa sauti yake, alionekana sura mwishoni tu, mhusika wake alipokata roho.

Mtu wa Wells alijificha kwa hiari yake, ili atawale. Warithi wake wakafuata njia hiyo. Katika Invisible Agent ya 1942 asiyeonekana anatumwa kupeleleza Wajerumani. Katika Predator ya 1987 ni mwindaji kutoka sayari nyingine, anayewinda askari msituni. Hata Leigh Whannell, aliyeigeuza hadithi mwaka 2020 ili tuifuate kupitia mwanamke anayewindwa na asiyesadikiwa na mtu, kwa sehemu kubwa alimwachia mwanamume mwenye mali uwezo wa kujificha. Karibu karne nzima, kutoonekana kumekuwa silaha ya mwenye nguvu.

Ukiitazama historia hii kutoka Kibabi, Rubaya au Ngungu, katika vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, unakutana na namna nyingine ya kutoonekana, ambayo hakuna aliyeichagua.

Agosti 2000, Paul Verhoeven alitoa Hollow Man, nayo filamu ya mtu asiyeonekana. Safari hii mahameli haikutosha. Mwili wa Kevin Bacon ulijengwa upya ndani ya kompyuta, ngozi, misuli, mishipa na mifupa, kisha ukafutwa tabaka kwa tabaka. Studio iliyoitoa, Columbia Pictures, ilikuwa mali ya Sony, na mwaka huohuo Sony ilileta PlayStation 2 sokoni. Simu za mkononi nazo zilikuwa zikienea duniani. Vyombo hivyo vilihitaji kapasita ndogo za tantali, madini yanayotoka kwenye koltani. Bei ikaruka. Huko Masisi na Walikale jirani, ambako vita vya miaka ya 1990 vilikuwa vimekwisha kupora ng'ombe na kuvuruga kilimo, vijana waliacha mashamba wakaingia mashimoni. Novemba 2000, waasi wa RCD waliotawala mji wa Goma waliipa kampuni moja, SOMIGL, ukiritimba wa kuuza koltani nje. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, na mchimbaji akabaki na shimo. Pole Institute ya Goma iliandika habari za msukosuko huo mapema 2002, ikisikiliza wachimbaji na wafanyabiashara wenyewe, na mpaka leo nauona utafiti huo kuwa miongoni mwa maandishi yenye heshima zaidi kuhusu jambo hili.

Basi katika mwaka uleule ambao sinema ilifuta mwili wa mtu kwa ustadi usiowahi kuonekana, miili iliyochimba madini ya zama hizo za kompyuta haikuwa kwenye skrini yoyote. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya madini ya vita, ambayo watu wa Kivu waliiita sheria ya Obama, na Septemba mwaka huo serikali ya Kongo, Kinshasa, ikasimamisha uchimbaji mashariki mwa nchi hadi Machi 2011. Baadaye zikaja lebo za kufuatilia mifuko ya madini. Mfuko ukatambulika. Aliyeujaza hakutambulika.

Miaka hiyohiyo, mpiga picha wa Ireland, Richard Mosse, alikuwa akizunguka Kivu na filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome. Asili yake ni Vita Kuu ya Pili: ilibuniwa ifichue askari na mizinga iliyofichwa chini ya matawi. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, na filamu hiyo huupa rangi nyekundu au waridi. Wavu wa kujificha uliopakwa rangi ya kijani haung'ari vile. Kazi ya video ya Mosse, The Enclave, ilionyeshwa Venice mwaka 2013 kwenye skrini sita. Malisho na misitu ya Kivu imekuwa waridi, na wapiganaji wanapita ndani yake. Uzuri huo uliwakera wengi, nami naelewa kwa nini. Lakini Mosse alishika jambo la kweli: chombo kilichobuniwa kumfichua adui alikielekeza kwenye vita ambavyo dunia haikutaka kuvitazama.

Mwaka 2018, filamu ya Black Panther iliwapa mamilioni ya watazamaji nchi ya Kiafrika inayojificha chini ya ngao ili madini yake yasiporwe. Ni ndoto inayoeleweka sana Masisi, ambako madini yanajulikana dunia nzima na wenye vilima hawajulikani. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyotoka 2021, inagusa karibu zaidi. Inaanzia katika mgodi wa koltani nchini Burundi, ambako mchimbaji anauawa, na ndugu yake anakimbilia kwa vijana waliojificha wanaodukua mitandao ya dunia. Kiswahili kinasikika humo pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Hapa wanaojificha ni wanyonge, na wanatoka mafichoni ili wasikike.

Goma nako kamera haijalala. Petna Ndaliko Katondolo, mwanzilishi wa Yole!Africa, kituo ambacho kimewafundisha vijana wengi wa mji huo kutengeneza filamu, alitoa filamu ya Kapita mwaka 2020. Anachukua picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni, zilizotukuza uchimbaji, na kuzipanga upya ili mtazamaji amwangalie yule aliyebeba jiwe.