Chupa mbili dirishani: historia ya punje za udongo

Nimepotea kidogo, tesiti zilibana na bumu nalo ndo kama mnavyolijua. Leo naleta historia, ila si ya wafalme wala vita. Ni ya udongo.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ubaruku. Mzee alikuwa amekodi jaruba jipya la mpunga. Zamu yake ya maji ikifika jioni anajaza vizuri, asubuhi anakuta pakavu. Akaanza kumshuku jirani wa chini kwamba usiku anatoboa tuta. Maneno yakawa makali, hata salamu zikakatika.

Nikakumbuka tulichofundishwa. Mwaka 1851 George Stokes wa Cambridge alionyesha kwamba punje ndogo ikizama majini, kasi yake hufuata mraba wa kipenyo. Yaani punje yenye kipenyo mara 10 inashuka mara 100 haraka zaidi. Mwaka 1927 George Bouyoucos, kule Michigan, Marekani, akaleta njia ya kupima udongo kwa haidromita, chombo kinachoelea. Unatikisa udongo na maji, unasoma baada ya sekunde 40 mchanga ukiwa umeshatua, unasoma tena baada ya saa 2. Kinachoelea bado ni mfinyanzi, punje zisizofika milimita 0.002. Mchanga ni kuanzia 0.05 hadi 2. Katikati yake ni tope laini.

Na msidhani haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Hapa hapa kwetu, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, Geoffrey Milne mwaka 1935 alileta neno "katena", maana yake mnyororo: udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, kila mahali na pingili yake. Mwaka 1936 ikatoka ramani yake ya udongo wa Afrika Mashariki. Neno letu "mbuga" wataalamu wale waliliandika hivyo hivyo.

Usangu nako mito ikishuka kutoka milimani hupunguza mwendo, inaacha mchanga kwanza, mfinyanzi unafika mbali tambarare.

Basi, haidromita sina. Nikachukua chupa mbili za maji, moja udongo wa jaruba la zamani, nyingine wa jipya. Nikatikisa, nikaweka dirishani. La jipya, dakika moja tu mchanga ulishajaa chini, zaidi ya nusu ya udongo wote. La zamani, kesho yake maji yalikuwa bado kama chai ya maziwa.

Mzee akaziangalia muda mrefu. "Kwa hiyo mwizi ni ardhi yenyewe?"

Jioni ile akaenda kwa jirani, peke yake. Walichoongea sijui. Hela ya kodi haikurudi, ila salamu zilirudi.

Kwa hiyo wadau, kabla ya kukodi shamba, tikisa chupa kwanza. Haya, nawahi semina. Tutaonana!