Nani Alichagua Mbegu: Bustani za Magu Tangu Zama za Pamba

Kila mwaka, mvua za masika zikishakwisha, wenye bustani wa Magu, tangu Kisesa na Kahangara mpaka mabonde ya mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke, huingia katika shauri moja la zamani: kiangazi hiki tuoteshe nyanya gani, na mboga ipi tuipe nafasi kando yake. Shauri hilo laonekana dogo, na waliotutangulia kuandika habari za Usukuma, waliojaza kurasa kwa watemi, ng'ombe na pamba, aghalabu hawakuona kuwa lastahili wino. Walakini, atakaye kujua ni nani hasa aliyekuwa na amri juu ya shamba katika nchi hii, na aulize ni nani aliyechagua mbegu.

Tuanze na pamba, kwani ndiyo iliyoufunika uwanja wote. Wajerumani waliihimiza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza, waliojenga kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa Mwanza, katika miaka ya 1930, waliifanyia ihtimamu kubwa: pale zilichaguliwa aina zenye majani ya manyoya, ili yule mdudu mdogo wa kijani afyonzaye utomvu asipate raha ya kutua, na mbegu mpya zikapewa majina ya herufi UK na tarakimu, hata ikafikiwa UK 91 ambayo wakulima wa zama zetu waliizoea. Mkulima hakuulizwa neno. Pamba yake ilikwenda jineri, ikachambuliwa, na mbegu ikamrudia kutoka huko huko, kwa kuwa nyuzi za aina mbalimbali zikichanganyika bei hushuka. Na hata vyama vya ushirika vilipoinuka kwa uongozi wa Paul Bomani, na shirikisho lao, Victoria Federation, likaundwa mwaka 1955, yaliyobadilika yalikuwa mizani na malipo, si hiari ya mbegu.

Mboga haikupata ihtimamu ya namna hiyo. Ilibaki mikononi mwa wanawake, na kwa maoni yangu huko kusahauliwa ndiko kulikuwa salama yake. Mama wa Kisukuma hakulichagua jani kwa utamu wa siku ile tu, bali alilitazama kwa jicho la miezi mikavu ijayo, ambapo kitoweo chake kingekuwa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa, yakaanikwa juani hata yakakauka, yakahifadhiwa ili yaje kupikwa kwa karanga nchi ikishakuwa vumbi. Kwa sababu hiyo kunde iliyotambaa na kutoa majani mengi ilikuwa na heshima kuliko ile iliyosimama wima na kuharakia punje. Mgagani nao, ujioteao penye samadi ya zizi kuukuu, ulikuwa na sheria zake: shina lililowahi kutoa maua liling'olewa likaliwa, na lile lililokawia, likaendelea kutoa majani wakati wenzake wamekwisha komaa, liliachwa kwa ajili ya mbegu. Maganda yake membamba yalipoanza kugeuka rangi ya manjano alikuwa akiyakata kabla hayajapasuka na kumwaga kila kitu chini, akayaanika ungoni, akayapura na kupepeta, akachanganya punje zile nyeusi na jivu la kuni, akazitia katika kibuyu na kukiziba kwa gunzi la mahindi. Kazi yote hiyo ni uchaguzi wa aina kwa maana ileile iliyokuwa ikifanywa Ukiriguru, ila haikuwa na daftari wala mshahara.

Operesheni Vijiji ilipozihamisha kaya, katikati ya miaka ya 1970, kutoka miji yao iliyotawanyika na kuzipanga pamoja vijijini, mazizi ya kale yalibaki nyuma pamoja na mboga zilizoyazoea. Kabla ya hapo Ziwa Victoria lenyewe lilikuwa limekwisha kufanya uhamisho wake: kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita 2, yakaimeza ardhi ya ukingoni ambayo ndiyo hasa ya bustani za kiangazi.

Ama nyanya, asili yake ni Amerika, na nasaba yake kwetu ni ya mgeni aliyekuja mara mbili. Mara ya kwanza ni ile ndogo ya kienyeji, yenye uchachu mkali, ijioteayo penye jalala bila kuombwa. Mara ya pili ni ile ya dukani, ambayo soko lake lilipanuka kadiri mji wa Mwanza, uliofikiwa na reli mwaka 1928, ulivyozidi kuwa na midomo isiyolima: Moneymaker ya Uingereza, na Marglobe ambayo Wamarekani waliitoa mwaka 1925 kwa sababu ilistahimili mnyauko. Nyanya hizi zilikuwa nzuri chunguni, lakini Magu iko mbali na walaji wake, yapata kilomita 60, na mizigo husafiri ndani ya tenga. Na hapo ndipo tenga lilipojitwalia mamlaka ambayo hakuna mtemi wala bwana shamba aliyepata kuwa nayo juu ya mboga. Moneymaker ina ganda jembamba na maji mengi, hivyo mzigo ukifika sokoni zile za chini zimekwisha kuwa rojo, nao uchuuzi hauhesabu rojo. Mnunuzi hutia mkono mpaka chini, akatoa moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, na bei ya tenga zima ikategemea kidole hicho. Ndiyo maana Roma VF, ndefu na yenye nyama nzito, ilipendwa. Na kituo cha utafiti wa bustani cha Tengeru, karibu na Arusha, kilipotoa Tanya na Tengeru 97 mwaka 1997, Tanya ilijipatia watu bila mahubiri, kwa kuwa ganda lake ni gumu na safari haiidhuru. Kwamba mchuzi wake wa dagaa ni mpole kuliko ule wa nyanya ya jalalani ni jambo nisilolificha, lakini ladha haikuwa na mjumbe katika baraza la kidole gumba.

Mwaka 2014 nondo mdogo wa Amerika ya Kusini, ambaye wakulima walimwita Kantangaze, aligundulika nchini, na viwavi wake hutoboa jani na tunda vilevile, iwe nyanya ngumu au laini. Kadhalika zikazidi mbegu chotara, ambazo mtu akizikamua na kuzianika kama alivyofanya bibi yake, kizazi kifuatacho humtokea mchanganyiko usiofanana na mama yake. Hivyo kila msimu ni lazima kurudi dukani. Ajabu ni kwamba wataalamu nao wakati huo walikuwa njiani kurejea kwa bibi: kituo cha mboga cha kimataifa kilichoko Arusha, tawi la kile cha Taiwan, kilikuwa kikikusanya mbegu za mboga za asili, na mwaka 2011 zikaidhinishwa aina kama mchicha Madiira na nyanya chungu Tengeru White. Mgagani wa mafungu uuzwao kando ya barabara ya Musoma haujaingia sana katika mahesabu hayo, na wauzaji wake wakiulizwa mbegu waliitoa wapi, wengi humtaja mama mkwe.