Kilicho cha Wote Kilindwe na Wote: Habari za Msitu wa Karura

Kitu cha mtu mmoja hulindwa na mwenyewe. Kitu cha wote hudhaniwa kuwa kina walinzi wengi, na mara nyingi hakina hata mmoja. Kila apitaye husema moyoni, "Mwingine atakitazama." Neno hili limeharibu chemchemi, viwanja na vivuli vya miti katika vijiji vingi. Ili tulielewe vema, yafaa tusome habari za msitu wa Karura, ulio upande wa kaskazini wa mji wa Nairobi.

Msitu huo, wenye hektari zipatazo 1,000, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Watu wengi walidhani ya kuwa tangazo lile ni ngome ya kutosha. Kumbe, karatasi hailindi mti! Mwaka 1998 ikajulikana kwamba sehemu za msitu zimekwisha kugawiwa kwa siri watu waliotaka kujenga majumba, na mitambo imeanza kuing'oa miti.

Ndipo alipoondoka Wangari Maathai, yule aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kuwaongoza akina mama wa vijijini katika kupanda miti. Yeye na wenzake hawakuchukua silaha, bali miche. Januari 8, 1999, walipokwenda kupanda mti karibu na lango la msitu, walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Alipofika polisi kushtaki, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wabunge na wanafunzi wa vyuo vikuu walisimama upande wake, hata Agosti mwaka ule ule Rais Moi akapiga marufuku kugawa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Wangari akapewa tuzo ya Nobel ya amani.

Je, habari imekwisha hapo? La, sivyo. Kuokoa ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya kila siku. Baada ya ushindi ule wanyang'anyi bado walijificha msituni, miti ilikatwa kwa siri, na watu wema waliogopa kuingia. Msitu ulikuwa umeponywa mikononi mwa wenye mitambo, lakini ulikuwa haujapata wenyewe.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuwa iliwapa wakazi ruhusa ya kuunda vyama na kutunza misitu pamoja na serikali. Majirani wa Karura wakaunda chama kiitwacho Friends of Karura Forest. Ua wa waya wa umeme ukajengwa, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa upya kwa watu wote, kwa kiingilio.

Lakini tuangalie neno moja zaidi. Mpakani mwa msitu huo wakaa matajiri wa Muthaiga, na wakaa pia maskini wa kijiji cha Huruma. Kama maskini wangalifungiwa nje tu, waya ungalikatwa usiku, nao wasingalihuzunika. Basi watu wa Huruma walipewa kazi ya ulinzi na ya kutunza msitu. Na wale waliojua kila kichochoro chake wakawa macho yake. Miti ya asili ikapandwa mahali pa miti ya kigeni, na tangu mwaka 2014 mbega wakaanza kurudishwa.

Hapa twajifunza ya kuwa mtu hulinda kile alicho na sehemu ndani yake. Ukimwita jirani siku ya jasho tu, na siku ya mavuno usimwite, usishangae akikuachia jembe. Tena wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari: fedha ya wote na ihesabiwe mbele ya wote.

Nasi Wakristo tukumbuke kwamba katika bustani ya Edeni Mungu alimpa Adamu kazi ya utunzaji kabla ya kumkataza tunda. Basi, chemchemi ya kijiji chetu, uwanja wa shule na miti ya kanisani, zamu yake wiki hii ni ya nani? Kama hakuna ajuaye, na tukutane tuipange.