Mistari Kwenye Kioo

Katika maisha yangu ya ufundi nimetengeneza redio nyingi, nimeharibu chache, na mara moja tu nimetoa ushahidi wa kumwokoa mtu. Sikuutoa mahakamani. Niliutoa Kabuku, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, mbele ya mashine ya gemu, mwaka 1995. Nauandika hapa kwa sababu aliyehitaji kuokolewa alikuwa ametiwa matatani na neno langu mwenyewe.

Mashine ile ililetwa na mfanyabiashara mmoja aliyeinunua Mombasa ikiwa imekwisha kuchakaa. Ilikuwa kabati la mbao lenye kioo, vibonye vitatu na mahali pa kutumbukizia sarafu. Aliiweka kibandani karibu na mahali yanaposimama mabasi, akaiwasha kwa jenereta, na akamweka kijana wa miaka kumi na minne aichunge. Vijana wa mashamba ya mkonge waliijaza siku za mshahara, na abiria walishuka kuishangaa.

Asubuhi moja kioo kiliamka na mistari. Mwenye mashine akaja mbio kwangu. "Fundi, huyu mtoto kamwagia soda ndani, si ndivyo?" Mimi nilikuwa nimeinamia redio ya mtu. Bila hata kunyanyua kichwa nikajibu, "Soda? Inawezekana." Basi. Kwa neno hilo moja kijana akakatiwa mshahara hadi mashine ilipwe, jambo ambalo lingemchukua miaka.

Jioni mama yake, mkata mkonge, alinijia mlangoni. Hakupiga kelele. "Kaka," alisema, "wewe umesema ni soda. Mwanangu hana hela ya kununua soda. Ya kumwaga ameipata wapi?" Sikuwa na jibu. Nikachukua mita yangu ya kupimia umeme nikaenda kibandani.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini watu wazima waliamini upesi kiasi kile. Ni kwa sababu vioo vya namna ile tulivijua juzi tu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Zanzibar ilianzisha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, lakini mwaka 1974, fedha za kigeni zikiwa haba, Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, yaani mwaka mmoja tu kabla ya kisa hiki. Watu wa Kabuku walijua kusikiliza mashine. Fundi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, husikia beringi ikianza kufa kabla haijafa. Lakini kioo kinapougua hakilii, kinaonyesha tu, na sisi tulikuwa bado hatujajifunza kusoma kinachoonyeshwa. Mtu asiyeweza kusoma barua husadiki yule anayedai kuisoma.

Mimi nilibahatika kujifunza kidogo. Mpaka wa Kenya na Tanzania, uliofungwa mwaka 1977, ulipofunguliwa mwishoni mwa 1983, nilikwenda Mombasa, nikakaa miaka kadhaa kwenye karakana iliyotengeneza televisheni na gemu. Mashine ya Kabuku niliitambua mara moja. Jina la mtengenezaji lilikuwa limefutika, lakini ilikuwa nakala mojawapo ya mchezo uitwao Space Invaders, ambao Mjapani Tomohiro Nishikado aliubuni mwaka 1978 katika kampuni ya Taito. Mchezaji yuko chini na mzinga wake. Juu safu za maadui zinashuka kidogo kidogo. Ubongo wa mashine ni chipu iitwayo Intel 8080. Tyubu yake ni nyeupe na nyeusi tu; rangi ya kijani chini na nyekundu juu hutokana na vipande vya plastiki vilivyobandikwa mbele ya kioo.

Mchezo huo una jambo ambalo lilinifunza kutoharakisha kusema "mbovu". Maadui wanapopungua, waliobaki wanakwenda kasi zaidi. Mgeni hudhani mashine imepagawa. Kumbe ubongo ule ulikuwa mzito, na kadiri maadui wa kuchorwa walivyokuwa wachache ndivyo kazi ilivyokwisha upesi. Nishikado aliliona hilo akaliacha, maana liliufanya mchezo uwe mtamu. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu, fundi hana budi kujua kwanza uzima wa mashine unafananaje.

Nilipokaa mbele ya kioo nilifanya kile nilichopaswa kufanya tangu asubuhi: nilitazama. Mistari ilikuwa ya kulala, membamba, na ilijaa upande wa kulia tu. Mchezo wenyewe uliendelea vizuri. Maadui walishuka, mzinga ulipiga. Picha haikupinda wala haikutetemeka, basi tyubu ilikuwa nzima, kwa sababu tyubu ikiugua hupindisha kila kitu pamoja. Kisha nikapima umeme. Chipu za kumbukumbu za mashine zile hutaka umeme wa namna tatu: volti 12, volti 5, na volti 5 hasi. Ukiyumba mmoja, kioo chote hujaa takataka. Nikaukuta wote umetulia, licha ya jenereta.

Hapo nikaanza kuhesabu mistari, na hesabu ndiyo iliyosema. Kati ya mstari mmoja na unaofuata palikuwa na nukta nane. Si saba, si tisa, na ilikuwa vivyo hivyo kutoka chini mpaka juu.

Nieleze maana ya nane hiyo. Kioo cha mchezo ule kina nukta 256 kwenda juu na 224 kwenda upande. Kila nukta ina mahali pake kwenye kumbukumbu, panapoitwa biti: iwake au izime. Biti nane hufanya baiti moja, na kila biti ya baiti hukaa kwenye chipu yake. Chipu moja ikifa na kung'ang'ania jibu la "washa", basi katika kila nukta nane moja itawaka hata isipotakiwa. Na kwa kuwa tyubu imelazwa ubavu, nane hizo hupangwa kutoka chini kwenda juu, na nukta zinazowaka huungana kuwa mistari ya kulala. Upande wa kushoto ulihifadhiwa na kundi jingine la chipu, nalo lilikuwa zima.

Soda haihesabu mpaka nane. Ingemwagika ingeshika hapa na pale, na kioo kingeonyesha fujo isiyo na mpango. Kosa lenye mpangilio kama ule hutoka mahali pamoja, ndani kabisa, na halina uhusiano na mkono wa mtoto.

Lakini kulijua hilo peke yangu hakukutosha. Neno langu la asubuhi lilikwisha aminiwa, na sikutaka la jioni nalo liaminiwe kwa sababu tu limetoka kwa fundi. Nikamwita mwenye mashine, mama na kijana. Nikabandika vipande vya karatasi ukingoni mwa kioo, kila kimoja kwenye usawa wa mstari. Nikazima umeme, nikafungua kabati, nikawaonyesha ubao: vumbi tupu, hapana alama ya kitu cha kunata. Chipu zilikuwa zimechomekwa kwenye soketi, hazikulehemewa. Nikachomoa ile niliyoishuku, ya biti ya pili, nikaipeleka mahali pa ya sita, na ya sita nikaileta mahali pake.

"Kama ni soda," nikamwambia mwenye mashine, "mistari itabaki hapo hapo kwenye karatasi. Kama ni hiki kidude, mistari itahama, na itakaa katikati ya karatasi na karatasi."

Jenereta ikawashwa. Kioo kilichukua muda kidogo kupata moto, na nakiri kwamba moyo ulinidunda. Mistari ikatokea katikati, kama nilivyosema. Mwenye mashine alisogea akaweka kidole kwenye kipande cha karatasi, akakipeleka kwenye mstari, akakirudisha. Kijana hakusema kitu. Mama alitazama kioo, kisha akanitazama mimi, na macho yale yalikuwa yakiuliza kwa nini sikufanya hivi asubuhi.

Chipu nzima niliitoa kwenye ubao mbovu niliokuja nao kutoka Mombasa, na mistari ikaisha. Mshahara ulilipwa siku hiyo hiyo. Nilimwambia mwenye mashine, mbele ya wote, kwamba la soda lilikuwa kosa langu, na ujira wa kazi ile sikuuchukua.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya aina za makosa. Lipo la chipu iliyochoka, kama lile la Kabuku. Lipo pia la mpango wenyewe. Katika mchezo wa Pac-Man, uliotolewa na Namco mwaka 1980, namba ya ngazi imewekwa kwenye baiti moja, na baiti haiwezi kuhesabu kupita 255. Mchezaji hodari akifika ngazi ya 256, nusu ya kulia ya kioo hujaa herufi na vipande vya picha, asiweze kuendelea. Ukibadilisha chipu zote usiku kucha, ngazi hiyo itaharibika vile vile, maana kosa liliandikwa tangu mwanzo.

Na lipo kosa la tatu, ambalo mita haipimi: la mtu anayeulizwa jambo, akajibu bila kunyanyua kichwa. Hilo halionyeshi mistari popote. Kama mama yule asingekuja mlangoni pangu jioni ile, nisingelijua kabisa.