Mhadhiri wa Dongri

SEHEMU YA KWANZA

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 1 Julai 2016, na Ramadhani imeshaingia kumi la mwisho. Jiji la Dhaka lilikuwa limefuturu. Wa tarawehe walikuwa misikitini, na wenye miadi ya chakula cha usiku walikuwa mezani.

Gulshan ndiko wanakokaa mabalozi na wageni wenye uwezo. Huko, kando ya ziwa, palikuwa na mkahawa wenye uwanja wa majani, ukiitwa Holey Artisan Bakery. Usiku ule walikuwamo Waitaliano wa biashara ya nguo, wataalamu wa Kijapani waliokuja kusaidia mradi wa usafiri wa jiji, na vijana wanafunzi waliorudi nyumbani likizo.

Ndipo walipoingia vijana watano wenye silaha. Wakapiga takbiri. Kisha wakapiga risasi.

Walionusurika walieleza jambo ambalo kila nikilikumbuka mwili hunisisimka. Wauaji waliwataka mateka wasome Kurani. Aliyeweza kusoma aya aliachwa, na aliyeshindwa hakuachwa. Mimi nimesomeshwa Kurani chuoni tangu nikiwa na miaka sita, kwa fimbo na kwa mapenzi, na sikuwahi kumsikia maalimu wangu akisema kwamba ipo siku Alhamdu itageuzwa kibali cha kuishi mbele ya mtu aliyeshika panga. Alitufundisha kuisoma ili tusali. Mengine haya yametoka wapi?

Asubuhi ya Jumamosi makomando wa jeshi walivunja ukuta na kuingia. Watu 13 walitolewa hai. Mateka 20 walikuwa wameshauawa: Waitaliano 9, Wajapani 7, Mhindi 1 na Wabangladeshi 3, mmoja wao akiwa na uraia wa Marekani pia. Maofisa 2 wa polisi walikuwa wameuawa tangu usiku, walipojaribu kusogea karibu. Nawataja hawa kwanza kwa sababu katika kelele zote zilizofuata, kelele za dini na siasa, wao ndio waliosahauliwa upesi.

Picha za wauaji zilipotoka, Bangladesh ilipigwa na butwaa. Watu walitegemea kuona sura za watoto wa kimaskini kutoka vijijini. Badala yake walikuwamo vijana wa shule za ada kubwa, wanaozungumza Kiingereza na kucheza mpira, na baba wa mmoja wao alikuwa mwanasiasa wa chama tawala. Wengine walikuwa wametoweka makwao miezi kadhaa kabla, na wazazi wao walikuwa wakiwatafuta.

Basi kila nyumba ikauliza swali moja. Nani aliwafundisha?

Siku chache baadaye gazeti moja la Dhaka liliandika kwamba mmoja wa vijana wale alikuwa akimfuata mhadhiri fulani kwenye Facebook, na aliwahi kuyaweka maneno yake kwenye ukurasa wake. Mhadhiri mwenyewe hakuwa mtu wa mapangoni. Alikuwa daktari wa tiba, mvaa suti na tai na kofia nyeupe, mwenye tuzo ya mfalme na wafuasi zaidi ya milioni 10 kwenye Facebook. Siku zile alikuwa Saudi Arabia, amekwenda umra.

Jina lake likachapishwa. Na huenda, msomaji wangu, mtu huyo yumo ndani ya simu yako sasa hivi, kwenye video uliyotumiwa na shemeji yako ukaipenda, ukawasambazia wengine.

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: gazeti la Dhaka limemtaja mhadhiri aliyefuatwa na mmoja wa wauaji. Sasa endelea.

Ni Zakir Naik. Alizaliwa Mumbai tarehe 18 Oktoba 1965, mtoto wa daktari. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba utotoni alikuwa na kigugumizi. Ukiulizwa jina lako na ulimi ukagoma, wenzako hucheka, na aliyepitia hayo hayasahau. Alisomea udaktari, na njia yake ilikuwa nyeupe mbele yake. Kisha, mwaka 1987, akakutana na mhadhiri Ahmed Deedat wa Durban.

Hapa mimi na wewe tunaingia ndani ya hadithi, kwa sababu sisi wa pwani tulimjua mwalimu kabla hatujamjua mwanafunzi. Nilipokuwa mdogo, deki ya video kwa mjomba iliwashwa Ijumaa baada ya isha, sebule ikajaa kanzu, na Deedat, mzee yule mwenye ndevu nyeupe, akatokea akiwa na Biblia mkononi, anataja kitabu, sura na mstari bila kutazama. Mjomba alikuwa akipiga goti lake kwa furaha. Miaka ile mihadhara ya viwanjani ilivuma Dar es Salaam na Mombasa kwa mtindo uleule. Mhadhiri anasema, "Fungua Yohana!", msomaji wake anafungua, umati unapiga takbiri. Kwa watu waliozoea kudharauliwa kwamba hawakusoma, lilikuwa jambo kubwa kumwona Mwislamu akishinda kwa hoja. Nalielewa jambo hilo mpaka leo, wala siwezi kulicheka.

Naik aliuchukua mtindo huo akaukuza. Kigugumizi kiliondoka jukwaani, akawa anamwaga maneno kama mvua ya masika. Mwaka 1991 alianzisha taasisi yake, Islamic Research Foundation, katika mtaa wa Dongri, Mumbai. Deedat akampa jina la sifa, "Deedat Plus". Tarehe 1 Aprili 2000, mjini Chicago, alijadiliana na Daktari William Campbell kuhusu Kurani, Biblia na sayansi, na kanda ya mjadala ule ikazunguka dunia. Mwaka 2006 ikaja Peace TV, na madishi yakageuzwa kuitafuta. India haikuipa kibali, lakini wenye kebo waliirusha. Katika mikutano yake asiyekuwa Mwislamu hupewa nafasi ya kwanza kuuliza, na mara nyingi aliyeuliza huishia kutamka shahada mbele ya maelfu. Tarehe 1 Machi 2015, mjini Riyadh, Mfalme Salman alimkabidhi Tuzo ya Mfalme Faisal: medali ya dhahabu na riyali 750,000.

Lakini si Waislamu wote waliompigia takbiri. Wanazuoni wa Deoband, chuo kikongwe cha India, waliwaonya watu wasimfanye tegemeo katika dini. Desemba 2007 alimtaja Yazid kwa dua ya radhi, yule ambaye katika utawala wake Hussein, mjukuu wa Mtume, aliuawa Karbala, na Mashia kwa Masuni wakaumia. Anayejua jinsi jina la Hussein linavyotajwa kwa machozi katika nyumba za Zanzibar na Mombasa ataelewa.

Na ipo klipu. Katika hotuba moja ya zamani aliulizwa kuhusu Osama bin Laden. Akajibu kwamba ikiwa mtu huyo anawapiga maadui wa Uislamu, yuko pamoja naye, na ikiwa anaitisha Marekani aliyoiita gaidi mkubwa, yuko pamoja naye. Akaongeza kwamba kila Mwislamu awe gaidi. Akiulizwa kuhusu neno hilo ana maelezo: jambazi akimwona polisi huingiwa na hofu, kwa hiyo polisi ni gaidi kwa jambazi, na Mwislamu vilevile awatishe waovu tu. Anasema maneno yake yalikatwa.

Nimeyasikia maelezo hayo yote, wala sikuyapuuza. Lakini nauliza kama ninavyoweza kumuuliza kaka yangu: mtu aliyesomea tiba, anayejua kwamba dozi hupimwa kwa umri wa mgonjwa, amwage vipi neno kama hilo mbele ya watoto wa miaka kumi na minane asiowaona? Mfano wa polisi unahitaji dakika nzima ili ueleweke. Neno lenyewe linaingia ndani ya sekunde mbili, na simu za vijana hukata dakika na kubakisha sekunde. Mjomba wangu alikuwa akisimamisha deki, anatueleza, kisha anaendelea. Kwenye simu ya kijana aliyejifungia chumbani hakuna mjomba.

Juni 2010 Theresa May, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alimzuia kuingia nchini humo kwa sababu ya maneno kama hayo. Kwake yeye mlango huo mmoja haukuwa kitu. Ilipofika Julai 2016, milango ikaanza kufungwa kwa mfululizo. Serikali ya Bangladesh iliipiga marufuku Peace TV. India ikawaamuru wenye kebo waiondoe. Serikali ya jimbo la Maharashtra ikaamuru hotuba zake zichunguzwe, na polisi wakasimama nje ya ofisi yake Dongri.

Yeye alikuwa amepanga kurejea nyumbani wiki ileile. Waandishi wa habari wakamsubiri, wafuasi wakamsubiri, na wanaomchukia wakamsubiri. Siku ya kutua ikafika.

Je, alishuka?

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Mumbai nzima inamsubiri Zakir Naik. Sasa endelea.

Hakushuka. Akasema atazungumza na waandishi kwa Skype kutoka Saudi Arabia, na hata hilo likawa na misukosuko, kwani wenye kumbi za Mumbai walikataa mmoja baada ya mwingine kumkodishia nafasi. Hatimaye, tarehe 15 Julai, uso wake ukatokea kwenye skrini, yeye akiwa Madina.

Alilaani mauaji. Alisema hajawahi kumchochea mtu yeyote kuua asiye na hatia. Kwamba kijana wa Dhaka alimjua, hakushangaa, maana Bangladesh wanaomjua ni wengi mno. Kumjua, alisema, si kutumwa naye. Hoja hiyo ina uzito, na haki inanitaka niiseme: gazeti lililomtaja lilifafanua baadaye kwamba halikuwahi kudai kuwa yeye ndiye aliyewachochea wauaji. Wakati ule hakukuwa na mahakama iliyomtia hatiani. Waliokuwa wakimtangaza muuaji kwenye televisheni kila usiku walitangulia mbele ya ushahidi, na wengine walimtumia yeye kama fimbo ya kuwapigia Waislamu wote wa India.

Lakini siku ileile aliulizwa kuhusu kujilipua. Alisema ni haramu ikiwa wasio na hatia wanauawa, kisha akaongeza kwamba kama mbinu ya vita inaweza kuruhusiwa. Ndugu zangu, damu ya Gulshan ilikuwa na wiki mbili tu. Usiku uliotangulia, mjini Nice, Ufaransa, lori lilikuwa limewapitia watu waliokuwa kwenye sikukuu. Alilaani na hilo. Kwa nini basi hakukomea kwenye neno haramu? Faida gani ilipatikana kwa ile nyongeza, na ni nani aliyeihitaji isipokuwa yule anayetafuta mwanya? Hapo mimi niliachana naye. Niliachana naye kwa huzuni, kwa sababu sebule ya mjomba ilikuwa bado moyoni mwangu.

Wiki zikapita, zikawa miezi. Wanasheria wake wakasema kwamba akiitwa atatoa ushirikiano. Watu wakauliza, kama hana la kuficha mbona harudi? Wengine wakajibu, akirudi nani atamhakikishia haki? Mimi nilikuwa upande wa angerudi. Mtu aliyewafundisha mamilioni kusimama mbele ya kipaza sauti na kujibu swali lolote angesimama na mbele ya hakimu. Najua ni rahisi kwangu kusema hivyo, mimi nisiyekuwa na polisi mlangoni.

Kisha ikaja Jumapili, tarehe 30 Oktoba 2016.

Alfajiri ile, mjini Mumbai, alifariki Dakta Abdul Karim Naik, mzee aliyemlea mtoto mwenye kigugumizi na kumwona akiwa sauti inayosikika dunia nzima. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Katika dini yetu maiti haingoji. Huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa, na mtoto wa kiume hutafutwa kwa macho ashuke kaburini kumpokea baba yake.

Pasi ya kusafiria Zakir bado alikuwa nayo. Ilikuja kufutwa mwaka uliofuata. Taasisi yake ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Safari za ndege za kwenda Mumbai hazikuwa zimesimama, wala hapakuwa na amri ya mahakama inayomzuia kumzika mzazi wake.

Pale Mumbai jeneza limetengwa na waombolezaji wameanza kukusanyika, wote wakitazama njiani.

Itaendelea Jumamosi ijayo.